Mamaki: Chai asilia ya Hawaii na sheria zilizomsahau mwenyewe

VISIWA vya Hawaii, vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki umbali wa takriban kilomita 3,800 kutoka pwani ya California, hufahamika duniani kwa volkano, watalii na kahawa ya Kona. Ni wachache nje ya visiwa hivyo wanaojua kwamba wenyeji wake wa asili, wanaojiita Kanaka Maoli, wana chai yao isiyo na uhusiano wowote na mchai unaokuzwa Kericho au Assam. Chai hiyo huitwa mamaki.

Kwa karne nyingi mamaki ilikuwa mali ya msitu na ya jamii. Aliyeihitaji aliichuma, naye mjuzi akamweleza kipimo. Leo majani yake yanauzwa katika vifuko na chupa, madukani na kwenye mtandao wa intaneti, na baadhi ya wauzaji huipamba kwa sifa kubwa kubwa. Soko limezua maswali ambayo msitu haukuwahi kuyauliza. Nani ana haki ya kulitumia jina hilo? Muuzaji anaruhusiwa kumwahidi mnunuzi nini? Na watu ambao mababu zao ndio walioutambua mmea huu wanapata nini?

Makala haya yanaeleza mmea huo, sheria zinazouhusu, na sababu za kusema kwamba sheria zilizopo zinamlinda mnywaji kwa kiasi kikubwa na mkulima kwa kiasi kidogo, ilhali mwenye maarifa ameachwa mlangoni.

Mmea wenyewe

Mamaki ni kichaka au mti mdogo ambao wanasayansi huuita Pipturus albidus. Kwa kawaida hufikia kimo cha mita mbili hadi sita, na ukipata mahali panapoufaa hupita hapo. Majani yake ni mapana na yana kingo za meno meno. Upande wa juu ni wa kijani na wa chini una weupe, na mishipa yake huwa ya kijani au myekundu kutegemea mti.

Mmea huu ni wa ukoo mmoja na ule unaowasha ambao wakazi wengi wa nyanda za juu za Kenya huujua kwa jina la thabai. Hata hivyo, mamaki haiwashi. Wataalamu wa mimea huutaja kama mfano wa jinsi mimea ya Hawaii ilivyopoteza silaha zake, kwa kuwa visiwani humo hakukuwa na mamalia wakubwa wa kula majani kabla ya binadamu kuwaleta.

Mamaki haioti kiasili mahali pengine popote duniani. Inapatikana katika visiwa vingi vikuu vya Hawaii, kwenye misitu yenye unyevu na kando ya mabonde, kuanzia karibu na pwani hadi miinuko ya takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Wenyeji waliutumia mmea huu kwa namna nyingi. Magome yake yalipondwa na kutengenezwa kitambaa kiitwacho kapa, kazi inayokaribiana na ile ya Waganda wanaotengeneza nguo za magome ya mti. Matunda yake meupe, yanayofanana kidogo na forsadi, yaliliwa na pia yalitumiwa kama dawa laini ya tumbo. Majani yalitiwa katika maji ya moto yakanywewa na waliochoka au waliodhoofika.

Kinywaji chenyewe hakina kafeini. Ladha yake ni ya upole, na kikiachwa kwa muda hugeuka rangi ikawa ya wekundu wa kahawia. Mwaka wa 2007, watafiti wa Hawaii walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa majani hayo na kuonyesha kuwa yana katekini, rutini na asidi ya klorojeni. Hizi ni kemikali asilia ambazo pia hupatikana, kwa viwango tofauti, katika chai ya kawaida, kahawa na matunda mengi.

Ni muhimu msomaji atofautishe mambo mawili hapa. Kuonyesha kwamba kemikali fulani imo kikombeni si sawa na kuonyesha kwamba mgonjwa aliyeinywa alipona. Biashara nyingi za mitishamba hustawi katika pengo lililo kati ya mambo hayo mawili, na ni pengo hilo hilo ambalo sheria hujaribu kulilinda.

Waganga na mkono wa serikali

Uganga wa mitishamba wa Wahawaii una jina lake, nalo ni laau lapaau. Si haba kusema kwamba historia ya kuudhibiti ni ndefu kuliko historia ya Hawaii kuwa sehemu ya Marekani.

Mwaka wa 1868, wakati Hawaii ilipokuwa ufalme huru chini ya Mfalme Kamehameha wa Tano, ilipitishwa sheria ya kuunda bodi ya afya ya Wahawaii iliyokuwa na mamlaka ya kuwapa leseni waganga wa jadi. Hatua hiyo ilichukuliwa wakati maradhi yaliyoletwa na wageni yalikuwa yamepunguza mno idadi ya wenyeji, na wakati wamishenari na wafuasi wao waliuona uganga huo kuwa ushirikina mtupu.

Ufalme ulipinduliwa Januari 1893. Visiwa vikatwaliwa na Marekani mwaka wa 1898, na hatimaye vikawa jimbo lake la 50 mwaka wa 1959. Katika kipindi hicho maarifa ya mitishamba hayakutoweka. Yalihifadhiwa majumbani, bibi akimfundisha mjukuu, na mengi hayakuandikwa.

Mwaka wa 1998, Bunge la Jimbo la Hawaii lilipitisha sheria ya kuwaondolea waganga wa jadi kosa la kutibu bila leseni ya udaktari, kwa sharti kwamba watathibitishwa na jopo maalumu. Waganga wengi walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali haiwezi kutoa cheti cha elimu ambayo yenyewe haina. Mwaka wa 2001 sheria ikarekebishwa, na jukumu la kuwatambua waganga likawekwa mikononi mwa mabaraza ya wazee, chini ya uratibu wa Papa Ola Lokahi, shirika linaloshughulikia afya ya Wahawaii asilia.

Marekebisho hayo yalikuwa ushindi wa aina yake, kwani serikali ilikubali kwamba anayefaa kumpima mganga ni mganga. Lakini ushindi huo una mipaka. Sheria hiyo inamhusu mganga anayemhudumia mgonjwa. Haimhusu mfanyabiashara anayefunga majani katika kifuko na kuyauza kwa mtu asiyemjua. Hapo huanza utaratibu mwingine kabisa.

Maneno yanapogeuza chai kuwa dawa

Nchini Marekani, bidhaa kama mamaki huangukia katika mojawapo ya makundi matatu. Inaweza kuwa chakula au kinywaji cha kawaida, inaweza kuwa kirutubishi cha ziada, au inaweza kuwa dawa. Ajabu ni kwamba jani lile lile linaweza kuhama kutoka kundi moja hadi jingine bila kubadilika hata chembe. Aghalabu kinachobadilika ni maneno yaliyoandikwa juu ya kifuko.

Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, kitu kinachokusudiwa kutibu, kuponya, kuzuia au kutambua ugonjwa ni dawa. Kusudi hilo hutambuliwa kwa kuangalia muuzaji anasema nini. Akisema kwamba chai yake ni tamu na haina kafeini, anauza kinywaji. Akisema inatibu kisukari, basi mbele ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA kwa ufupi, anauza dawa ambayo haijaidhinishwa, na huko ni kuvunja sheria.

Katikati ya hayo mawili ipo njia iliyofunguliwa na sheria ya virutubishi ya mwaka wa 1994. Sheria hiyo inamruhusu muuzaji kueleza jinsi bidhaa inavyosaidia mwili kufanya kazi zake za kawaida, mradi asitaje ugonjwa. Kwa mfano, anaweza kusema kwamba bidhaa yake inasaidia kudumisha nguvu za mwili. Ni sharti aongeze tahadhari kwamba kauli hiyo haijapimwa na FDA na kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Aidha, anatakiwa kuiarifu mamlaka hiyo katika muda wa siku 30 tangu aanze kuiuza bidhaa ikiwa na kauli hiyo. Matangazo ya biashara nayo huchunguzwa na Tume ya Shirikisho ya Biashara, ambayo hudai ushahidi wa kile kinachotangazwa.

Utaratibu huu una faida yake. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeshawishiwa kuacha vidonge vyake ili anywe chai anaweza kupoteza maisha, na ni haki sheria isimame kati yake na muuzaji mwenye maneno matamu. Wenye mashamba ya mamaki walio waangalifu huuza kinywaji chao kama kinywaji, wakataja ladha, asili na namna ya kukitayarisha, wakaishia hapo.

Lakini utaratibu huu una athari ambayo haitajwi sana. Unamnyamazisha mjuzi sawasawa na unavyomnyamazisha mlaghai. Mzee aliyerithi maarifa ya vizazi saba kuhusu kipimo cha majani, wakati wa kuyachuma na mtu asiyefaa kuyanywa hawezi kuyaandika hayo juu ya kifuko anachouza. Matokeo yake ni kwamba kinachofika sokoni ni jani lililovuliwa maarifa yake, na jani lisilo na maarifa linaweza kuuzwa na mtu yeyote.

Funzo la awa

Anayetaka kuona jinsi sheria inavyoweza kupotoka na kisha kurekebishwa na aangalie mmea mwingine wa Hawaii uitwao awa. Huu ndio unaojulikana na wengi kwa jina la kava, na mizizi yake hupondwa, ikachanganywa na maji, ikanywewa katika sherehe na mazungumzo tangu Vanuatu na Fiji hadi Hawaii. Tofauti na mamaki, awa haikuanzia Hawaii. Ililetwa na mabaharia wa Kipolinesia katika mitumbwi yao.

Katika miaka ya 1990, viwanda vya Ulaya vilitengeneza vidonge vya kava vya kupunguza wasiwasi. Vingi vilitengenezwa kwa kukamua mizizi kwa spiriti au asetoni badala ya maji. Baada ya ripoti za wagonjwa waliodhurika ini, Ujerumani ilifuta vibali vya dawa hizo mwaka wa 2002. Mwaka huo huo, FDA nayo ikatoa tahadhari kwa wanunuzi wa Marekani. Soko la nje la wakulima wa visiwa vya Pasifiki likaporomoka, na mtu wa Vanuatu aliyekuwa akinywa kava ya maji tangu ujana akajikuta anaadhibiwa kwa kidonge ambacho hakukitengeneza.

Mwaka wa 2014 mahakama moja ya Ujerumani iliamua kwamba marufuku hayo hayakuwa na msingi wa kutosha, ingawa vibali vilifutwa tena mwaka wa 2019. Mwaka wa 2020, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, ilipitisha kiwango cha kikanda cha kava inayotumiwa kama kinywaji cha kuchanganywa na maji. Kisha Januari 2024, Idara ya Afya ya Hawaii ikatangaza kwamba awa iliyotayarishwa kwa njia ya jadi inatambuliwa kuwa salama chini ya sheria ya jimbo hilo. Tangazo hilo halikuhusu dondoo za viwandani. Ifahamike pia kwamba FDA haikuwa imefikia uamuzi kama huo. Waraka wake wa kisayansi wa mwaka wa 2020 ulisema kava haijatimiza masharti ya kutambuliwa hivyo katika sheria ya shirikisho.

Msingi wa uamuzi wa Hawaii ndio unaofaa kuzingatiwa. Sheria ya chakula ya Marekani inakubali kwamba kitu kinaweza kuhesabiwa salama ikiwa kilitumiwa na watu wengi kama chakula kabla ya Januari 1958. Hapa matumizi ya kale yanakuwa ushahidi wenye uzito mbele ya sheria. Nyimbo, sherehe, kumbukumbu za wazee na maandishi ya zamani huacha kuwa hadithi za kuwafurahisha watalii, yakawa nyaraka za kutetea haki.

Funzo la pili la awa ni kwamba jina moja linaweza kubeba bidhaa mbili tofauti. Mizizi katika maji ni kitu kimoja, na dondoo kali ndani ya kidonge ni kitu kingine. Mamaki nayo imeanza kuuzwa kwa sura mbalimbali. Kanuni nzuri haina budi kutaja namna ya utayarishaji wala si jina la mmea pekee.

Mgema akisifiwa

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ina mfano wake katika wilaya ya Kona, magharibi mwa Kisiwa cha Hawaii.

Kahawa ya Kona ni miongoni mwa kahawa ghali zaidi duniani, na ughali huo ulizaa udanganyifu. Katika miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba kahawa kutoka Amerika ya Kati ilikuwa ikiuzwa kama ya Kona, na kesi ya jinai ikafuata. Mwaka wa 2019 wakulima wa Kona waliwasilisha kesi nyingine mahakamani dhidi ya kampuni kadhaa za Marekani wakidai kwamba jina lao lilikuwa likitumiwa kuuza kahawa isiyotoka kwao. Uchunguzi wa maabara wa madini yaliyomo katika buni ulitumiwa kuonyesha mahali zilikokuzwa. Kampuni zilizoshtakiwa zilifikia maafikiano yaliyopita jumla ya dola milioni 41.

Lakini si udanganyifu wote uliokuwa kinyume cha sheria. Kwa miongo mitatu sheria ya Hawaii yenyewe iliruhusu mchanganyiko wenye asilimia 10 tu ya kahawa ya Kona kuuzwa kwa jina hilo, mradi lebo itaje kiwango. Yaani, mnunuzi angeweza kunywa vikombe kumi vya kahawa na kuwa amekunywa kimoja tu cha Kona. Mwaka wa 2024 sheria ilibadilishwa, na kiwango cha chini kikaamuliwa kupanda hadi asilimia 51 kuanzia Julai 2027.

Wakulima wa mamaki wana sababu ya kuiangalia historia hiyo kwa makini. Hoja ya kuwekea mamaki kanuni zake za lebo imefika katika majadiliano ya watunga sheria jijini Honolulu. Kiini chake ni kwamba neno Hawaii lisiandikwe juu ya kifuko ikiwa majani yaliyomo yamekuzwa kwingineko au yamechanganywa bila mnunuzi kuambiwa. Upande wa pili wa hoja ni wa gharama, kwani mkulima mwenye ekari mbili hana uwezo wa kulipia vipimo vya maabara na karatasi nyingi. Sheria ikiwa nzito mno, atakayeimudu ni kampuni kubwa, na mdogo iliyekusudiwa kumlinda ndiye atakayetoka sokoni.

Funzo la Kona ni kwamba kiwango cha chini kikishawekwa chini, huchukua kizazi kizima kukipandisha, kwa sababu wanaofaidika na mchanganyiko huwa wameshapata nguvu ya kukitetea. Ni heri kuweka asilimia kamili mwanzoni, wakati soko lingali dogo.

Msituni na shambani

Kudhibiti chai hii hakuanzii dukani. Huanzia msituni, na huko kuna haki za aina mbili zinazogongana.

Katiba ya Hawaii, kwa marekebisho ya mwaka wa 1978, inalinda haki za kimila za wazawa wa Wahawaii walioishi visiwani kabla ya mwaka wa 1778, ambao ndio mwaka nahodha Mwingereza James Cook alipofika huko. Miongoni mwa haki hizo ni kuchuma mimea kwa mahitaji ya maisha, utamaduni na ibada. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilizitilia nguvu katika uamuzi wake wa mwaka wa 1995. Lakini kuchuma kwa mahitaji ya nyumbani si kuchuma kwa biashara. Anayetaka kuvuna katika misitu ya serikali hulazimika kupata kibali cha Idara ya Ardhi na Maliasili.

Ndiyo maana kilimo cha mamaki kinapewa umuhimu. Mashamba makubwa ya miwa ya wilaya za Hamakua na Kau katika Kisiwa cha Hawaii yalifungwa katika miaka ya 1990, na shamba la mwisho la miwa katika jimbo zima, lililokuwa kisiwani Maui, lilivuna kwa mara ya mwisho mwaka wa 2016. Ardhi ilibaki na watu wakatafuta zao jingine. Mamaki, ambayo tayari imezoea udongo na mvua ya huko, inapandwa na wakulima wadogo kama njia ya kujipatia riziki bila kuuvamia msitu.

Hata hivyo zao hili lina adui mpya. Mwaka wa 2018 iligunduliwa kisiwani Maui kwamba nondo wa kigeni, ambaye wanasayansi humwita Arcte coerula, amefika. Viwavi wake hula majani ya mamaki hadi mti ukabaki vijiti, na baadaye akaonekana pia katika Kisiwa cha Hawaii.

Hasara yake si ya mkulima pekee. Mamaki ndiyo chakula kikuu cha viwavi wa kipepeo wa Kamehameha, ambaye hapatikani kwingine duniani na ambaye tangu mwaka wa 2009 ndiye mdudu rasmi wa jimbo hilo. Jani moja, kwa hiyo, linagombewa na mnywaji chai, kipepeo wa asili na nondo mgeni. Sheria ya kuitangaza mamaki sokoni isiyokuwa na mpango wa kuilinda msituni ni sawa na kutangaza karamu bila kuangalia ghalani.

Nani mwenye jina?

Limebaki swali gumu kuliko yote, nalo ni la umiliki.

Mwaka wa 2002, Chuo Kikuu cha Hawaii kilipata hataza za aina tatu za magimbi kilizozizalisha. Kwa Wahawaii asilia magimbi si chakula tu. Katika simulizi zao, gimbi ni kaka mkubwa wa binadamu. Walihoji mtu anawezaje kumiliki ndugu yake, wakaandamana, na mwaka wa 2006 chuo hicho kikaziachilia hataza hizo. Kabla ya hapo, mwaka wa 2003, wajuzi wa utamaduni walikuwa wamekutana na kutoa Azimio la Paoakalani, wakisisitiza kwamba maarifa na sanaa zao si bidhaa za bure za kuokotwa na kila mpita njia.

Tatizo ni kwamba sheria za hakimiliki na hataza zilitungwa kwa kumfikiria mvumbuzi mmoja, mwenye jina na tarehe ya kuvumbua. Maarifa ya mamaki hayana mvumbuzi anayejulikana wala tarehe. Ni ya jamii na yamepita vizazi vingi, kwa hivyo mbele ya sheria hizo huonekana kama si ya mtu. Aidha, Marekani haijaridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai, ambao Itifaki yake ya Nagoya huyataka mataifa wanachama kuhakikisha kwamba jamii asilia zinagawiwa faida inayotokana na maarifa yao.

Kuna mfano wa njia nyingine barani Afrika. Nchini Afrika Kusini, chai ya rooibos ilikuwa ikiuzwa duniani kote huku Wakhoi na Wasan, waliokuwa wa kwanza kuutambua mmea huo, wakitazama tu. Mwaka wa 2019 mkataba ulitiwa saini wa kuzipa jamii hizo asilimia 1.5 ya bei ya majani yanapotoka shambani. Mwaka wa 2021 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina la rooibos, hivi kwamba huko haliwezi kutumiwa kwa bidhaa isiyotoka katika eneo lake. Kinga ya jina na mgao wa faida vilikwenda pamoja, na hapo ndipo tofauti ilipo na Hawaii.

Maana yake kwa Wakenya

Mambo haya si ya mbali kama ramani inavyoonyesha. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya huuzwa kwa wingi katika mnada wa Mombasa, ikasafirishwa, ikachanganywa na chai za mataifa mengine na kupakiwa kwa majina ya kampuni za ng'ambo. Mkulima wa Nyeri na yule wa Kona wanaweza kuelewana bila mkalimani.

Kuhusu mitishamba, wasomaji wa pwani watakumbuka habari za mwarobaini. Mwaka wa 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni moja ya Marekani pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo hataza ya dawa ya kuua kuvu iliyotokana na mti huo. Wahindi walipinga kwa kuonyesha kwamba wakulima wao walikuwa wakiyajua matumizi hayo tangu zamani. Hataza ilibatilishwa mwaka wa 2000, na rufaa ikatupiliwa mbali mwaka wa 2005. Ilihitajika miaka 11 kuthibitisha jambo ambalo bibi yeyote kijijini angelieleza kwa dakika moja.

Kwa upande wa sheria Kenya imetangulia hatua moja. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka wa 2016 ilipitishwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni. Kilicho mbele yetu ni utekelezaji, kwani sheria iliyo kabatini haimlindi mtu.

Hitimisho

Yapo mambo matatu ambayo sheria ya kinywaji cha jadi haina budi kuyatimiza. Kwanza, imzuie muuzaji kumwahidi mgonjwa kisichothibitishwa. Hilo Marekani imelifanya. Pili, ihakikishe kwamba kilichoandikwa juu ya kifuko ndicho kilichomo ndani. Hilo Hawaii ilijifunza kwa kuchelewa katika kahawa, na ina nafasi ya kuwahi katika mamaki. Tatu, imtambue mwenye maarifa na kumpa sehemu ya faida. Hilo bado.

Jambo la tatu huonekana kama hisani kwa wenyeji, lakini lina manufaa kwa mnywaji pia. Waganga wa Hawaii ndio wanaojua jani lipi lichumwe, linywewe kiasi gani na nani asilinywe. Habari ya awa imeonyesha kwamba maarifa ya aina hiyo yakitenganishwa na mmea, mmea unaweza kuleta madhara na lawama zikamwangukia asiyehusika. Wenye maarifa wakiwa na sauti katika kuweka viwango na fungu katika mapato, watakuwa na sababu ya kuyatoa yaliyo sahihi. Wakiachwa mlangoni watanyamaza, na soko litabaki na majani yasiyo na mtu wa kuyaeleza.